Kaka Yangu Anatetemeka: Je, Ni Ugonjwa wa Ukoo?

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Kaka yangu alianza kutetemeka mkono akiwa na umri wa miaka 29, na akaambiwa hospitalini kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Wazazi wetu ni binamu, na sasa yeye anataka kumposa binti ya ami yetu. Mtaani wanasema amerogwa. Je, ugonjwa huu unarithiwa, na watoto wake watasalimika? – Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Hakurogwa. Parkinson huwapata zaidi waliopita miaka 60, na wengi wao hawakuirithi. Lakini inapomwanza kijana ambaye wazazi wake ni ndugu wa damu, hushukiwa kwanza kasoro katika jeni (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) ya PRKN, iliyotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1998, au ile ya PINK1, iliyofuata mwaka 2004.

Jeni hizi hutengeneza protini mbili, Parkin na PINK1, zinazotegemeana ndani ya seli. Mitokondria, yaani vijisehemu vinavyoizalishia seli nishati, ikiwa nzima, PINK1 huingizwa ndani yake na kukatwakatwa. Ikiharibika, PINK1 hukwama juu ya utando wa nje, ikaipachika fosfeti protini ndogo iitwayo yubikwitini, na Parkin pia. Hapo Parkin, iliyokuwa imejikunja bila kazi, huamka na kuitia mitokondria hiyo alama nyingi za yubikwitini, ndipo seli huimeza na kuimeng'enya. Protini moja ikikosekana, nyingine haiwezi kuikamilisha kazi, na ndiyo maana kasoro za jeni hizi mbili huleta ugonjwa unaofanana sana. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hutumia nishati nyingi mno, na hizo hufa. Kisha mwili hukakamaa, mwendo huwa mzito, na mkono hutetemeka.

Sasa posa. Aina hii humpata aliyerithi nakala mbili mbovu za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ikithibitika kuwa ndiyo, kaka yako atampa kila mtoto nakala moja mbovu. Mke asiyekuwa na kasoro katika jeni hiyo hatazaa naye watoto watakaougua kwa njia hii. Lakini binti ya ami ni wa damu ile ile, na akiwa amebeba nakala moja mbovu, kila mtoto atakuwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi nakala mbili mbovu. Kaka apimwe jeni kwanza, kisha binti apimwe hiyo hiyo, kabla mahari haijapelekwa. Najua ni zito kulisema mbele ya wazee, lakini lisemwe. Na levodopa, dawa ambayo wagonjwa wa aina hii huitikia vizuri, mara nyingi hata kwa dozi ndogo, asiiache ghafla.