Rekodi Wimbo Wako, Umiliki Uwe Wako

Msomaji mmoja ameniuliza kama inawezekana kutoa albamu nzima bila kukanyaga studio ya mtu. Namjibu hadharani, kwa kuwa albamu yangu iliyotoka hivi karibuni nimeirekodi yote chumbani kwangu, Tabata, Dar es Salaam, na kwa kuwa jambo lililonifikisha huko bado linaniuma.

Zamani nilikuwa nikilipia studio kwa saa. Wimbo wangu mmoja ulipoanza kupigwa redioni, prodyuza aliyeutengeneza alikataa kunipa faili za sauti, akadai kwamba rekodi ni mali yake kwa sababu mdundo ni wake na kompyuta ni yake. Mashairi niliyatunga mimi, melodi ni yangu na pesa ya studio niliitoa mimi, lakini hadi leo siwezi kuutoa wimbo ule upya. Siku hiyo niliapa kwamba sauti yangu haitalala tena katika kompyuta ya mtu mwingine.

Nikanunua maikrofoni ya kondensa, kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, na hedifoni zinazofunika masikio. Ndugu zangu, chumba kina uzito kuliko maikrofoni. Kondensa hunasa kila kitu: mwangwi wa kuta za saruji, feni, friji, bodaboda inayopita nje, mvua juu ya bati. Nilisimamisha magodoro nyuma ya mgongo wangu, kwa sababu maikrofoni inayosikiliza upande wa mbele hupokea sauti yako pamoja na ile inayorudi kutoka ukutani nyuma yako. Nilichomoa friji, nikaimba usiku wa manane hadi karibu na adhana ya alfajiri. Rekodi kwa biti 24, yaani kipimo cha undani wa sauti unachochagua kwenye programu ya kurekodi, na usiipandishe sauti hadi igonge kikomo, kwani iliyopasuka haitengenezeki. Kuhariri sitakusimulia, ni kukaa kitini tu.

Kazi ya kumasta, yaani kuusawazisha wimbo kwa mara ya mwisho kabla haujatoka, nilimpa mtu mwenye masikio mapya, nikamwomba asiubane wimbo, yaani asilinganishe sauti ndogo na kubwa, kwa kutafuta makelele. Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, kwa kawaida huzishusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi kwenye LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo anayeubana wimbo wake hupoteza uhai wa ngoma na hapati chochote badala yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa vijana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inawalinda pia waimbaji, wapigaji ala na mwandaaji wa rekodi, kila mmoja kwa haki yake. Kwa hiyo utunzi ni mali moja na rekodi ni mali nyingine, nanyi mnaoingia studio kwa kuaminiana kwa mdomo mnaziacha zote mbili mezani. Andikianeni! Mpiga gitaa wangu alitia saini kabla hajafungua begi lake: fungu lake la utunzi, fungu lake la rekodi, tarehe na majina kamili. Kisha peleka kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ikasajiliwe, na hakikisha kila rekodi ina namba yake ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12.

Usiharakishe kutoa. Wahariri wa orodha za nyimbo za Spotify wanataka wimbo uwasilishwe kwao angalau siku 7 kabla haujatoka, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 hauingizi malipo ya rekodi huko. Ndiyo maana nilitanguliza wimbo mmoja, nikaupigania, ndipo nikaleta albamu. Akaunti ya msambazaji, kampuni inayopeleka nyimbo zako kwenye majukwaa kama Spotify, ifungue kwa barua pepe yako mwenyewe, na nywila yake asiijue meneja wala rafiki, hata kama ndiye aliyekulipia ada ya mwaka wa kwanza.