Uliza upepo unatoka wapi

Barua tatu za mwezi huu zimetoka pwani moja, ya kaskazini mwa Norwei. Nilikaa huko majira 16 ya baridi nikihudumia wazee majumbani mwao Tromsø, kwa hiyo leo nafasi yote nimewapa hawa watatu.

Shikamoo Mama. Nimeanza kazi ya uuguzi Bodø tangu mwezi wa kumi. Niliposikia mji uko kaskazini ya duara ya Aktiki nilinunua koti zito la manyoya ya bata. Mpaka leo nimelowa zaidi ya nilivyoganda. Jana nyuzi 5 na mvua, leo asubuhi barafu tupu barabarani, jioni theluji. Baridi yenyewe ndiyo hii, au bado iko njiani? — Muuguzi, Bodø

Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo hiyo, na pole kwa koti.

Hapo ulipo bahari haigandi. Maji yanayopita mbele ya Bodø yamesafiri kutoka upande wa pili wa Atlantiki, na hata katikati ya Januari bado yana nyuzi 4 mpaka 6 juu ya sifuri. Tazama ramani, uone ile ghuba ya Bothnia baina ya Uswidi na Ufini. Yote iko kusini ya Bodø, lakini sehemu yake ya kaskazini inaganda kila mwaka, na huko mara nyingi meli hazipiti mpaka zitanguliwe na chombo cha kuvunja barafu.

Bahari ina joto, lakini mchukuzi wa joto hilo ni upepo. Kutoka upande wa Aislandi migandamizo midogo ya hewa, yaani maeneo mapana ambako hewa haikandamizi sana na dhoruba huzunguka, inakuja kwa foleni majira yote ya baridi. Kila mmoja unatanguliza upepo wa kusini-magharibi, wa vuguvugu na mvua. Ukishapita, upepo unageuka kaskazini-magharibi na theluji inaanguka kwa vipindi, dakika kumi huoni mkono wako, kisha nyota. Hiyo jana yako na leo yako ni mgandamizo mmoja tu uliokupitia juu ya kichwa. Wanorwei wenyewe ndio waliouchora mpango huu. Mtaalamu wa hali ya hewa Vilhelm Bjerknes na vijana wake walikaa Bergen kuanzia 1917 wakifuatilia mahali hewa ya joto na ya baridi zinapokutana, na ramani za utabiri tunazoziona leo bado zina mistari yao.

Koti lako litapata siku zake, upepo ukitoka kusini-mashariki. Kwa Kiswahili tunao umande, ule upepo wa nchi kavu unaoshuka baharini alfajiri. Wa kule ni umande wa siku tatu au wiki nzima. Hewa inatuama juu ya nyanda za bara, kama zile za Finnmark, jimbo la kaskazini kabisa, ambako mji wa Karasjok ulipimwa nyuzi 51.4 chini ya sifuri tarehe 1 Januari 1886, kisha inatiririka kwenye mabonde na kutokea midomo ya fiodi, zile ghuba ndefu nyembamba za baina ya milima, kwa nguvu. Mbingu safi, nyota tele, pua inauma. Lakini mpaka ifike ufukweni imekwisha kupungua makali. Tromsø ninayoijua, wastani wa Januari ni nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, na nyuzi 15 ni jambo la kuzungumzwa dukani.

Kwa hiyo usiogope nyuzi 15. Ogopa nyuzi 2 juu ya sifuri. Mimi kifundo cha mkono kilivunjika siku ya nyuzi 2. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya theluji iliyoshindiliwa na magari, na asubuhi njia ilikuwa kioo chenye maji juu yake. Nilikuwa nashuka kilima na mfuko wa dawa za mzee mmoja, sikufika kwake. Tangu siku hiyo sikutoka nyumbani kati ya Novemba na Aprili bila vile vyuma vya meno vinavyovalishwa chini ya viatu, na nakuomba ununue vyako kesho, kabla ya zamu. Ndani vaa sufu, maana sufu hata ikilowa inakupa joto. Nje vaa kisichopitisha maji.

Mama, mume wangu yuko visiwa vya Lofoten kwenye uvuvi wa samaki wa skrei. Wiki iliyopita utabiri wa asubuhi ulisema upepo wa kawaida. Mchana wakatangaza mgandamizo mdogo wa Aktiki, mashua zote zikarudi bandarini mbio. Hicho ni kitu gani, na kwa nini hawakukiona mapema? Silali vizuri. — Mke wa mvuvi, Svolvær

Mdogo wangu, hofu yako ina msingi, sitaidharau.

Fikiria hewa iliyolala siku nyingi juu ya barafu ya Aktiki, nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Upepo unageuka wa kaskazini, na hewa ile yote inamwagika juu ya maji ya nyuzi 4. Kwa hewa hiyo, bahari ni sufuria iliyo motoni. Chini inapashwa, inabeba mvuke, inapanda kwa kasi, mawingu yanasimama marefu kama minara, na mahali fulani yanaanza kuzunguka. Ndani ya saa chache kuna dhoruba kamili, imejaa theluji. Maji yale yale yanayoiacha bandari yako wazi Februari ndiyo yanayoilisha.

Tatizo la kuiona ni udogo wake. Migandamizo ya kawaida ina upana wa kilomita elfu na zaidi, inafuatiliwa siku kadhaa kabla. Hii mara nyingi ina kilomita mia chache tu, inazaliwa baharini ambako vituo vya kupimia ni haba, na maisha yake huwa siku moja au moja na nusu. Wavuvi wa zamani waliijua kwa kupigwa nayo tu. Mpaka satelaiti zilipoanza kupiga picha mawingu, miaka ya 1960, ndipo wataalamu walipoanza kuona umbo lake, duara jeupe lenye jicho. Sasa wanaweza kusema tangu siku moja au mbili kabla kwamba hali ya kuizaa ipo. Itazaliwa wapi hasa, hilo bado hujulikana saa chache kabla. Kwa hiyo tangazo la mchana halikuwa uzembe.

Ikigusa nchi kavu inakufa, kwa sababu imekatwa na maji yake. Walio bandarini wanapata usiku mmoja mbaya. Aliye nje ana adui wa pili, maji yanayorushwa na mawimbi na kuganda juu ya chombo, kwenye kamba, kwenye reli, mpaka mashua inakuwa nzito juu na kupoteza uwiano. Mabaharia huipiga barafu hiyo kwa nyundo za mbao, na kazi hiyo haisubiri.

Mwambie mume wako, siku upepo ni wa kaskazini na utabiri unataja baridi kali baharini, asikae mbali na bandari hata kama saa hiyo bahari imetulia. Nahodha aliyewarudisha wiki iliyopita alifanya kazi yake vizuri sana. Nakuombea usingizi.

Shikamoo. Jua lilipotea hapa Tromsø tarehe 27 Novemba. Je, giza likiisha ndiyo baridi inaisha? — Mwanafunzi, Tromsø

Marahaba. Hapana, mwanangu. Jua linarudi juu ya upeo tarehe 15 Januari, ila milima inalificha mpaka 21 hivi, siku watu wanapotoka nje kulipokea na kula maandazi yake. Bahari na ardhi zinaendelea kupoa baada ya hapo. Februari ni baridi sawa na Januari, na theluji inazidi kurundikana hata siku zikishakuwa ndefu. Kina kikubwa kilichowahi kupimwa Tromsø, sentimita 240, kilipimwa tarehe 29 Aprili 1997. Beleshi liache mlangoni mpaka Mei.