Wino, Merikebu na Dawati la Babu

SWALI

Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni karani wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, na makazi yangu ni Ngamiani. Hivi karibuni nilikuwa nikigonga mihuri mbele ya mabaharia wawili, mmoja Mjojia na mwingine Mwazabajani, kidau cha wino kikapinduka mezani. Mjojia akasema "melani", mwenzake akasema "mürəkkəb". Nilishangaa kuona watu wa nchi zinazopakana wanakiita kitu kimoja kwa majina yasiyofanana hata kidogo. Je, majina ya wino huko Kaukazi na Asia yana asili moja? Na je, ni kweli kwamba neno letu "wino" limetoka kwa Wareno, katika jina lao la mvinyo, kama anavyosisitiza mwenzangu ofisini? La mwisho linahusu babu yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa na kisanduku cha kalamu na wino alichokiita "dawati", nasi wajukuu tukimcheka, maana dawati tulilolijua ni lile la darasani. Alikosea?

JIBU

Wa alaikumu salaam, ndugu msomaji. Majina hayo hayana asili moja, na hiyo ndiyo sababu yanafaa kufuatiliwa, kwa kuwa kila moja linaonyesha taifa husika lilipokea vitabu vyake kutoka upande gani.

Melani la Mjojia ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitu cheusi. Wajojia waliingia Ukristo katika karne ya 4, wakawa karibu sana na kanisa la Wayunani na maandiko yake, na jina la wino likafuata njia hiyo. Katika Kijojia chenyewe rangi nyeusi huitwa shavi, kwa hiyo Mjojia anapotamka melani hasikii weusi wowote ndani yake. Kwake ni jina tu. Sisi pia tunalitumia neno hilo la Kiyunani bila kulitambua, kila tunapoitaja melanini, ile rangi ya ngozi inayofundishwa katika somo la biolojia.

Mürəkkəb la Mwazabajani limetoka Kiarabu, murakkab, yaani kitu kilichoundwa kwa kuchanganya. Waturuki nao husema mürekkep na Waajemi morakkab. Mzizi wake ni herufi tatu, r-k-b, zenye maana ya kupanda juu ya kitu. Ukipandisha kitu juu ya kingine umekiunga, na ukiunga vingi umeunda mchanganyiko. Kutokana na mzizi huohuo Waarabu walipata markab, chombo cha kupandwa, ambacho sisi wa mwambao tunakiita merikebu. Kwa hiyo jina la wino uliomwagika mezani pako na jina la chombo kilichomleta baharia yule ni ndugu wa mzizi mmoja, na wewe mwenyewe ulikuwa na nusu ya jibu mdomoni siku zote.

Kwa nini wino uitwe mchanganyiko? Waandishi wa khati wa Kiajemi walihifadhi kanuni yao katika beti fupi ambayo mwanafunzi aliikariri: uzito wa masizi uwe sawa na uzito wa zaj, uzito wa vyote viwili uwe wa vinundu vya mwaloni, uzito wa vyote vitatu uwe wa gundi, kisha nguvu ya mkono. Hebu tupime. Ukianza na gramu 10 za masizi utatia gramu 10 za zaj, ambayo ni chumvi ya madini, gramu 20 za vinundu vile vinavyoota juu ya mti wa mwaloni wadudu wanapotaga mayai yao, na gramu 40 za gundi ya mgunga. Ukali wa vinundu ukikutana na chuma kilichomo katika zaj hugeuka mweusi na kuzama ndani ya karatasi, masizi huongeza weusi wa juu, na gundi huyashika masizi yasitue chini ya kidau. Nguvu ya mkono imewekwa ndani ya kanuni kama kiungo cha tano kwa sababu bila kusaga kwa muda mrefu wino hutoka na chengachenga na kuziba kalamu ya tete. Kwa maoni yangu, hakuna jina la wino lililo la haki kwa fundi kama murakkab, kwa kuwa linakumbuka kazi yake. Hata ule wino wa kawaida wa masizi na gundi ulistahili kuitwa hivyo.

Waarmenia, majirani wa wote wawili, wana jina lao tanak, linalofungamana na kitenzi cha kulowesha.

Ukisogea mashariki, weusi unarudi kwa neno jingine. Kwa Kiajemi nyeusi ni siyah, na Wahindi wakapata syahi. Wazee wa Kigujarati wenye maduka hapa Tanga husema shahi, na hawana habari na Wayunani. Wazo ni lilelile, neno ni lingine kabisa. Wabengali husema kali, kutokana na neno lao wenyewe la weusi. Katika Kiurdu, hata hivyo, lipo roshnai, lenye maana ya mwangaza, na sijaona jina la wino linalonigusa zaidi ya hilo.

Wachina husema mo, na herufi yake inaandikwa kwa alama ya nyeusi juu ya alama ya udongo. Zamani neno hilo liliishia na k, na k hiyo imehifadhiwa na waliolipokea: Wakorea husema meok, Wavietnamu muc, Wathai muek. Wathai wamefika mbali zaidi, wakamwita ngisi "samaki wa wino". Aliyewahi kumwosha ngisi karoni akaona maji yanavyogeuka hatauliza sababu.

Nije kwetu. Mwenzako wa ofisini amefuata mlio wa neno, na mlio peke yake haushuhudii asili. Jina la Kireno la mvinyo ni vinho, nalo tunalo tayari katika umbo la mvinyo, na ny yake ikiwa mahali pake. Wino wenyewe Wareno wanauita tinta, na huko Indonesia, walikopita pia, neno hilo limebaki hadi leo. Wangalituachia jina la wino, lingalikuwa tinta. Maneno kalamu na karatasi tuliyapokea kwa Waarabu, ambao nao waliyapata kwa Wayunani, lakini hatukuchukua hibr wala midad, majina ya wino ya Kiarabu. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alimwita aje aketi akiwa na "wino na karatasi", bila kuona haja ya neno jingine. Midad tunalisikia tu wanaposoma Suratul Kahf siku ya Ijumaa, katika aya ya 109, pale bahari inapofananishwa na wino. Aya inaanza na midad na kumalizikia na madad, yaani nyongeza, kwa mzizi mmoja wa kurefusha ambao pia umetupa neno muda.

Ama babu yako, hakukosea. Dawat kwa Kiarabu ni kidau cha wino, na Waajemi na Wahindi wanalitumia kwa maana hiyohiyo. Kwa Wamalai jina la chombo liliuhamia wino wenyewe, wakauita dakwat. Kwetu lilihama upande wa pili: kutoka kidau likaenda kwenye kisanduku kinachobeba kidau na kalamu, kisha kwenye meza ya kuandikia, hatimaye kwenye dawati la darasani. Kisanduku cha babu kilikuwa karibu na maana ya kwanza kuliko madawati yenu yote. Kama bado kipo nyumbani, tazameni pembeni mwake mwa ndani. Huenda pana tundu la duara la kusimamishia kidau.