Je, Nitubu kwa Sababu Niliuliza?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni kijana wa Nakuru, nafanya kazi kwenye visima vya jotoardhi Menengai. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakesha na kikundi chetu cha maombi kwenye mapango ya huko huko. Kiongozi alifundisha kwamba dunia haijafikisha miaka elfu saba, na anayesema vingine amemkana Muumba. Nikamuuliza, mawe tunayotoa kisimani tuyaeleze vipi? Nilicheka kidogo, nakiri. Akanijibu kwamba imani huanza pale akili inapokoma, akanitoa kikundini. Baba ya mchumba wangu ni mzee wa kanisa, na alikuwepo. Sasa amesema wazee wetu wasilete mahari mpaka nitubu mbele ya ushirika. Je, nimetenda dhambi?

JIBU: Mwanangu, kuuliza si dhambi. Kicheko nitakirudia.

Kinachoninyima usingizi ni ile kauli ya kiongozi wako, kwamba imani huanza pale akili inapokoma. Nimeisikia Kisumu, nimeisikia Kakamega, na hapa Nakuru ndiyo usiseme. Kila mara hubebwa na aya moja, Mithali 3:5: "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Wakishaisoma wanafunga Biblia. Wangegeuza ukurasa wangekutana na 4:7: "Bora hekima, basi jipatie hekima, naam, kwa mapato yako yote jipatie ufahamu." Kitabu kile kile! Hakiwezi kuitukana akili sura ya tatu kisha kitutume kuinunua sura ya nne. Uzito wa aya uko kwenye maneno "zako mwenyewe". Anayeonywa hapo ni mtu aliyetosheka na fahamu zake hata hataki kupimwa na mwenzake. Sasa niambie, usiku ule pangoni, nani alikuwa akitegemea akili zake mwenyewe: aliyeuliza, au aliyekataa kuulizwa?

Watakuletea Ibrahimu, kwamba alipanda mlimani na Isaka bila kufikiri. Wasome Waebrania 11:19. Alikuwa "akihesabu ya kuwa Mungu aweza kumfufua". Neno la Kigiriki pale ndilo lililotumika kwa mtu anayepiga hesabu za biashara yake. Ibrahimu alikwisha kuona Mungu akitoa mtoto kwenye tumbo la Sara lililokauka. Akaliweka hilo upande huu, amri ngumu upande ule, akajumlisha, ndipo akapanda. Tomaso je? Ni kweli Bwana alisema wa heri wasioona, wakasadiki. Ila alikwisha kumwonyesha mikono yake kwanza, na Yohana anaendelea papo hapo kutuambia kwamba ishara "zimeandikwa, ili mpate kuamini". Sisi ambao hatukuona tumeachiwa ushahidi wa walioona, tuusome na kuupima.

Kuhusu umri wa mawe sitakukalisha. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Mwanzo miaka 1,600 hivi iliyopita. Alilalamika kwamba Mkristo akinena upuuzi kuhusu nyota na dunia mbele ya asiyeamini anayeyajua mambo hayo, mtu huyo hatayasadiki Maandiko yanapomweleza ufufuo. Mwafrika mwenzetu, karne nyingi kabla mtambo wa kwanza haujachimba Menengai mwaka 2011. Mimi siku za Mwanzo 1 sizisomi kama kalenda. Nina ndugu wanaozisoma hivyo na tunakula meza moja. Ugomvi wangu ni na anayezifanya sharti la wokovu.

Msinione mkali bure. Mwaka 2023 nchi hii ilianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ikapita 400, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu. Simfananishi kiongozi wako na wale. Lakini huko pia, kabla mtu hajanyimwa chakula, alinyimwa kuuliza.

Hata hivyo usiondoke na kichwa kikubwa. Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki 1274, alifundisha kwamba akili inaweza kufika mpaka kujua kwamba Mungu yupo, ila Utatu haiufikii mpaka ufunuliwe. Visima vyenu vinashuka kilomita mbili, na hamtakuta humo kaburi tupu. Hilo lina mashahidi wake wa aina nyingine.

Sasa kicheko. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila mtu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Hapo ulikosa. Nenda kwa kiongozi wako kimya kimya ukamwombe radhi, maana yeye ndiye uliyemcheka. Swali lako usiliombee radhi. Na ukisimama mbele ya ushirika kutubu jambo unaloamini si dhambi, utakuwa umesema uongo kanisani ili upate mke.

Kisha nenda kwa mzee na baba yako mdogo, au yeyote wa rika lake, na usibebe mawe. Sidhani anaogopa umri wa mawe, mwanangu. Nadhani anaogopa kumwoza binti kwa mtu ambaye baada ya miaka mitano hataingia kanisani, na hofu hiyo nami ninayo, kwa sababu umeniandikia "nilikuwa nakesha". Pangoni umefukuzwa. Nyumbani je, bado unapiga magoti? Hilo ndilo mzee anataka kusikia, na ukiwa umeacha, mwambie ukweli.

Jambo moja limenishangaza. Barua nzima ina kiongozi, mzee, wazee wa mahari na mawe. Anachosema mchumba wako sijakiona. Muulize kabla hujaniandikia tena.