Megabaiti 128 Zilizonipatia Barua ya Onyo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja anayetunza seva za ofisi fulani jijini Dodoma, na swali lake lilinifanya niiache chai ipoe mezani. "Kaka, seva yangu ina gigabaiti 32 za kumbukumbu (RAM), lakini mfumo unaninyima megabaiti 256 ambazo simwoni anayezitumia. Nikilifuta neno crashkernel kwenye mstari wa kuwashia kerneli, kuna ubaya wowote?" Nilimjibu palepale kwamba asiliguse: neno hilo ndilo linalotenga kumbukumbu ya akiba kwa siku ambayo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, itaanguka. Sababu ni ndefu, na sehemu yake bado inaniuma, kwa hiyo nimeona niiandike hapa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa msimamizi wa seva ya hifadhidata katika taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja. Ilikuwa mashine ya gigabaiti 128, mpya kabisa, nami nilijivunia kuifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Kwenye mstari wa kuwashia niliandika crashkernel=128M, maneno niliyoyanakili kutoka seva ya zamani iliyotutumikia vizuri. Sikujiuliza kama yanaifaa mashine ile. Usiku wa mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa inachakatwa, seva ilianguka na kujiwasha upya. Nilifungua folda ya /var/crash nikitarajia kukuta nakala ya yaliyokuwamo kwenye RAM, ya kusimulia kilichotokea, nikakuta tupu. Siku tatu baadaye ikaanguka tena, na folda ikawa tupu vilevile.

Niliitwa kwenye kikao. Mkuu wangu aliuliza sababu, nami nikasema huenda ni joto la chumba cha seva. Huenda! Mtu wa miaka tisa kazini, mbele ya wahasibu, anajitetea kwa huenda. Barua ya onyo ilifika kabla wiki haijaisha.

Ili aibu ile ieleweke, lazima nieleze kazi ya kumbukumbu iliyotengwa. Tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, Linux ina utaratibu wa kdump, ambao hupakia kerneli ya pili mapema, mashine ikiwa bado nzima, na kuilaza kwenye eneo lililotengwa wakati wa kuwasha. Kerneli ya kwanza ikianguka, ya pili huamshwa moja kwa moja bila kupitia BIOS (programu inayoiwasha mashine kutoka mwanzo), na ndiyo maana yaliyomo kwenye kumbukumbu hayafutiki. Eneo hilo ni lazima liwe la peke yake kwa sababu mbili. Kerneli iliyoanguka haiaminiki tena, na haifai kuachiwa kazi ya kuandika kwenye diski zako. Sababu ya pili wengi hawaifikirii: kadi za mtandao na za diski hazina habari kwamba kuna msiba, hivyo huweza kuendelea kumwaga data kwenye kumbukumbu zilikoelekezwa mwanzo. Eneo lililotengwa halikuwahi kukabidhiwa kadi yoyote, kwa hiyo kerneli ya pili huamka mahali pasipomwagiwa kitu.

Ikishaamka, huonyesha kumbukumbu yote ya marehemu kupitia faili la /proc/vmcore, ikiongozwa na kichwa cha maelezo, elfcorehdr, kinachotaja ni wapi kila kipande kinaanzia na kuishia. Kisha programu ya makedumpfile huchuja na kuhifadhi. Ukiipa kiwango cha 31, huacha kurasa za sifuri, kache, data za programu za kawaida na kurasa zisizotumika, ikabakiza za kerneli yenyewe. (Kiingereza huita kazi hii "dump", nasi tuliozoea dampo la Pugu hucheka, ingawa humu ndimo ushahidi ulimo.)

Sasa hayo yote, yaani kerneli, faili la initramfs lenye vitu vya kuanzia, draiva (programu zinazoendesha kadi na vifaa) na makedumpfile, yanaishi ndani ya kiasi ulichotenga na hayana pengine pa kwenda. Seva yangu ya zamani ilikuwa na draiva chache. Hii mpya ilikuwa na kadi nyingi, kila moja na draiva yake inayodai sehemu yake.

Niliugundua ukweli Jumapili moja, kwa ruhusa niliyoiomba kwa maandishi. Niliunganisha waya wa konsoli ya siriali, unaoleta maandishi ya seva, kwenye kompyuta yangu ya mapajani, nikaandika echo c > /proc/sysrq-trigger, nikaiangusha seva kwa makusudi. Kerneli ya pili iliamka. Mistari ilipita, draiva moja baada ya nyingine, makedumpfile ikaanza, kisha yakatokea maneno Out of memory, makedumpfile ikauawa, na mashine ikajiwasha upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikaa kimya nikiutazama mstari ule. Megabaiti zangu 128 zilikuwa zimenisaliti mara mbili usiku, nisiwepo kuziona.

Kwa hiyo, msomaji wangu, tenga kulingana na mashine iliyo mbele yako. Red Hat, kampuni inayotoa Linux ya maofisini, walipofika toleo la 9 waliliondoa neno auto, lililoiachia mashine ijipangie kiasi yenyewe, na kiasi chao cha kuanzia huandikwa 1G-4G:192M,4G-64G:256M,64G-:512M, maana yake mashine ya gigabaiti 1 hadi 4 hutengewa megabaiti 192, ya kufikia 64 hutengewa 256, na kubwa zaidi 512. Huo ni mwanzo tu. Diski iliyofungwa kwa LUKS2, njia ya Linux ya kuisimba diski, huweza kudai karibu gigabaiti nzima ili kufunguliwa, na hapo ni nafuu kuituma nakala kwenye seva nyingine kwa ssh, yaani kwa njia salama ya mtandao. Ukishawasha upya, soma /sys/kernel/kexec_crash_size: 512M huonekana kama 536870912, na sifuri maana yake hujatenga kitu. Soma pia kexec_crash_loaded uone 1. Kiasi hicho unaweza kukipunguza mashine ikiwa inafanya kazi, lakini kukiongeza ni mpaka uwashe upya. Halafu iangushe mwenyewe, mchana, ukiwa umeketi. Sisi wa kazi hii tunapenda kusema tumeweka. Wachache wamejaribu, na asiyejaribu hana tofauti na asiyeweka.

Nilitenga 512M, nikaiangusha tena, na vmcore ikatua kwenye /var/crash. Siku kumi na moja baadaye seva ilianguka yenyewe kwa mara ya tatu. Niliifungua nakala kwa programu ya crash, nikiwa na alama (majina ya sehemu za ndani) za kerneli ya toleo lilelile, na orodha ya miito, yaani ya sehemu za programu zilizoitana hadi kuanguka, ikaishia ndani ya draiva ya kadi ya mtandao ambayo mkandarasi alituletea pembeni, nje ya kerneli rasmi, ikigusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Tuliiondoa draiva hiyo, na seva haikuanguka tena kipindi chote nilichobaki pale. Mkuu wangu aliisoma ripoti yangu ya kurasa nne, akaniambia "sawa". Barua ya onyo bado imo kwenye jalada langu.

Kijana wa Dodoma amenijibu jana. Hajalifuta lile neno, na ameomba ruhusa ya kuiangusha seva yake Jumamosi.