Kuku mzima na mboga kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole
Dada, umeuliza kwa nini kuku wako aliiva hadi akaachana na mifupa ilhali viazi vilibaki vigumu, na kama ulipaswa kuongeza maji. Katika sufuria hii joto hutoka chini na pembeni, kwa hiyo viazi, karoti na vitunguu maji ndivyo vinavyotangulia chini, vikiwa vimekatwa vipande visivyozidi unene wa kidole gumba, kisha kuku hulazwa juu yake kifua kikielekea juu. Maji usiongeze, kwani kuku hutoa mchuzi wake mwenyewe, na mvuke ukigonga mfuniko hurudi sufuriani. Ndiyo maana kila unapofunua kuchungulia unarefusha mapishi.

Kuku wa kisasa wa kilo 1.5 huhitaji takriban saa 6 hadi 8 kwa moto mdogo, ingawa jogoo wa kienyeji aliyekomaa atadai zaidi, na hapo hakuna njia ya mkato. Kipimajoto kikichomwa katikati ya paja pasipo kugusa mfupa kisome angalau nyuzi 74 za Selsiasi. Kuku aliyeganda ayeyushwe kabisa kwanza ndani ya friji, kwa sababu akiingia na barafu atakaa muda mrefu katika uvuguvugu ambao bakteria huupenda sana.

Ngozi itatoka laini na nyeupe, jambo ambalo binafsi silipendi, hivyo mimi humpaka siagi na kumpitisha kwenye oveni yenye moto mkali kwa dakika 10.