Re: Shokapu za nyuma, Hilux ya kuvuta tela
Mkuu habari. Umesema ukifunga tela la maji Hilux inakaa chini nyuma halafu inadunda kama ngalawa, unauliza uweke shokapu gani. Kabla hujatoa hela chungulia springi kwanza, maana shokapu haibebi mzigo, yenyewe inatuliza mdundo tu, kama springi zimelala au bamba moja (kati ya vile vyuma bapa vinavyopangwa kuunda springi) limekatika hata uweke ya bei gani mkia utabaki chini. Mimi nilinunua shokapu mpya kabisa, wiki haijaisha mambo yaleyale, kumbe bamba lilishakatika, ufa umejaa kutu! Springi zikiwa nzima chukua shokapu za gesi, za kampuni ya KYB au Monroe, badili zote mbili pamoja na bushi (zile raba za kwenye ncha za shokapu), na fundi akaze bolti gari likiwa limekanyaga chini siyo liko juu ya jeki, bushi zisije kujinyonga. Za mbele sijawahi kugusa.